Barua kwa Fundi wa Herufi: Zaburi ukutani, aya kwenye mninga na kitambaa cha marehemu mama

Upepo wa Agosti hapa Dodoma umeingiza vumbi hadi ndani ya printa yangu, kwa hiyo wiki mbili hizi sikuchapa kitu. Nimekaa barazani Chang'ombe nikisoma barua zenu. Kwa wasomaji wapya: nilianza kazi ya herufi nikiwa binti, nikipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye kiwanda cha uchapaji, kisha kompyuta zikaja nikajifunza upya. Baba yangu alikuwa mwinjilisti vijijini, na aliyenifundisha kusoma ni yeye, kwa kidole juu ya Zaburi. Ndiyo maana safu hii inapogusa maandiko huwa nasema kwa urefu.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Nzuguni, nafanya kazi kwenye steshenari. Jioni wateja wakiisha, kwa ruhusa ya bosi, natengeneza Zaburi ya 119 yote kwa ajili ya kanisa letu: karatasi 22 za A3, kila moja aya nane. Nimeandika kwa herufi kubwa tupu, rangi ya dhahabu, juu ya picha ya milima yenye theluji. Kwenye kioo inapendeza sana. Nilipochapa ya kwanza wazee wakasema haisomeki, na dhahabu imekuwa kama tope. Nimekosea wapi? Halafu nimesikia kwamba kwa Kiebrania aya nane za kila fungu huanza na herufi moja. Nikibadilisha maneno kidogo ili na zetu zianze hivyo, ni vibaya?*

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kuchagua zaburi ndefu kuliko zote, aya 176, ukaigawa ilivyojigawa yenyewe: mafungu 22, herufi 22 za Kiebrania, aya nane kila fungu. Ulichosikia ni kweli. Lakini maneno usiyaguse. Ukipindua sentensi ili ianze na N, utakuwa umetunga zaburi yako na kuitundika kanisani kwa jina la nyingine. Ukitaka ule ufundi wa zamani uonekane, weka herufi ya Kiebrania ya fungu hilo kubwa pembeni kama pambo: Alefu kwenye karatasi ya kwanza, Beti kwenye ya pili, hadi Tau. Msomaji ataona kuna mpango, na maneno yatabaki kama yalivyo.

Dhahabu sasa. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi haitoi. Kioo kinachanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Printa inachanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Dhahabu unayoiona kwenye kioo ni njano na kahawia vilivyopangwa kwa mng'ao, na mng'ao huo printa haina wino wa kuuleta. Ndipo unapopata tope. Chapa herufi kwa wino mweusi juu ya karatasi ya rangi ya maziwa, kisha kama moyo wako uko kwenye dhahabu, nunua rangi ya dhahabu ya kopo, chukua brashi nyembamba, ujaze kwa mkono ile herufi moja ya pembeni. Ni herufi 22 tu. Jioni tatu zinatosha, na wazee wataiona iking'aa taa ikiwashwa.

Kuhusu herufi kubwa tupu nina neno zito zaidi, na si la urembo. Fungua Biblia yako ya Union Version, Zaburi ya 110, mstari wa kwanza: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." Umeona? Bwana wa kwanza ameandikwa kwa herufi kubwa zote, wa pili hapana. Watafsiri walifanya hivyo kwa makusudi: BWANA ni pale Kiebrania kina lile jina la Mungu lenye herufi nne, Bwana ni pale penye neno la kawaida la heshima. Ukiandika ukurasa mzima kwa herufi kubwa, tofauti hiyo umeifuta, na aliyeketi kwenye benchi hawezi tena kujua. Zaburi yako ya 119 inamtaja BWANA kuanzia aya ya kwanza kabisa. Tumia herufi ndogo, na kubwa ziwe pale zilipowekwa.

Huenda utaniuliza fonti gani. Iko moja iitwayo Andika, na jina hilo limetoka kwetu, ni neno la Kiswahili. Ilitengenezwa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha, kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, ndiyo maana I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani. Ni ya bure kwa leseni ya wazi, unaruhusiwa kuchapa na hata kuuza ulichochapa. Ukitaka yenye sura ya kitabu, wenyewe hao wana Charis, nayo ni bure. Zote mbili zina ile ŋ na alama nyingine za lugha zetu, kwa hiyo siku ukifanya karatasi ya Chigogo hazitakuletea viboksi vitupu.

Lakini fonti si tatizo lako kubwa. Tatizo kubwa niliona kwenye ile picha uliyoambatanisha: umeruhusu kompyuta ikate maneno yenyewe. Imekata "ning-ependa". Haijui Kiswahili kwa sababu hukuiambia, imekata kama Kiingereza. Silabi zetu huishia kwenye irabu: ni-nge-pe-nda. Ukilazimika kukata, kata baada ya irabu, wala ng, ny, ch, sh, mb, nd na ng' usizitenganishe kamwe. Mimi kwa maandiko ya ukutani huzima kabisa ukataji. Na sinyooshi kingo zote mbili, kwa sababu maneno yetu ni marefu; ukilazimisha kingo zilingane, katikati ya mstari yanabaki mapengo kama makorongo ya kiangazi. Nyoosha kushoto, kulia kuache.

Halafu vunja mistari mahali pumzi inapovunjika. Sikiliza:

*Neno lako ni taa ya*
*miguu yangu, na mwanga wa*
*njia yangu*

Soma kwa sauti. Ile "ya" imening'inia mwishoni kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au atoke. Sasa hivi:

*Neno lako ni taa*
*ya miguu yangu,*
*na mwanga*
*wa njia yangu*

"Ya", "wa", "la", "kwa", "na" ni za neno linalofuata. Zisilale peke yake mwisho wa mstari. Hili nilifundishwa na baba yangu bila yeye kujua ananifundisha uchapaji. Akisoma alikuwa anapumua kabla ya "ya", hakuwahi kupumua baada yake. Kabla hujafungua kompyuta, andika aya zote nane kwa kalamu kwenye daftari, uzisome kwa sauti, uchore kimstari kila unapopumua. Ukifanya hivyo karatasi zote 22, utakuwa umeisoma Zaburi hiyo kuliko wengi wetu.

Kuna kazi moja kubwa ya zama hizi ninayoipenda, Biblia iliyoandikwa yote kwa mkono, kwa manyoya ya bata bukini, juu ya ngozi ya ndama. Iliagizwa na abasia ya Mtakatifu Yohane huko Minnesota, Marekani, mwaka 1998, na ikakamilika 2011. Waandishi wake walitumia kompyuta, ila kwa kupanga kila mstari uishie wapi. Mashine ikapima, mkono ukaandika. Nawe unaweza kugeuza: mkono wako upange pumzi, mashine ichape.

Picha ya theluji iondoe. Hata kama ni nzuri, herufi juu ya picha yenye mabaka meupe na meusi hazisomeki, kila neno linadondokea kwenye doa tofauti. Na kwa nini theluji? Umekulia Dodoma. Wekundu wa udongo wetu wa Nzuguni ni rangi nzuri kuliko zote ninazozijua kukaa pembeni ya weusi. Kule Kolo, Kondoa, michoro ya mapangoni iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006 imechorwa kwa wekundu wa namna hiyo, na bado inaonekana. Chukua kipande cha udongo mkavu, kiweke kando ya kioo, ulinganishe mpaka upate rangi hiyo.

Mambo mawili ya haraka. Faili la A3, likiwa la picha, liwe na pikseli 3508 kwa 4961, la sivyo kingo za herufi zitatoka na meno. Na tafsiri ya Union Version, ingawa ni ya mwaka 1952, ina wenyewe. Si mali ya yeyote aliyeikuta kwenye simu. Chama cha Biblia makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Andika barua ya ukurasa mmoja, eleza ni karatasi 22 za kanisa moja na kwamba hauziuzi. Ukija kuuza, uliza upya.

Ukimaliza ya kwanza, ibandike ukutani, mpeleke mzee yule aliyelalamika akae benchi la nyuma kabisa, umwombe asome. Usimsaidie hata neno moja.

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa Kondoa. Nilimpa fundi wa mashine ya leza kipande cha mninga achonge dua "Rabbi zidni ilma" iwekwe juu ya mlango wa darasa. Aliponitumia mfano kwenye simu, herufi zilikuwa zimeachana na zinaanzia kushoto. Alipojaribu tena kwa kukata mbao mpaka upande wa pili, nukta zikadondoka. Yeye anasema mashine yake haiwezi Kiarabu. Ni kweli?*

Waalaykum salaam, ustadhi. Mashine inaweza. Leza haijui Kiarabu wala Kiswahili, inafuata mchoro tu. Kilichoshindwa ni programu aliyoandikia. Programu nyingi za zamani za kuchorea hazijui kwamba herufi ya Kiarabu hubadilika umbo ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, wala kwamba mstari unatoka kulia. Zinapanga kila herufi peke yake kama shanga zilizokatika uzi. Mwambie fundi aandike kwenye Inkscape, ambayo ni ya bure, kwa fonti ya Amiri au Scheherazade, nazo ni za bure. Amiri imefuata herufi za kiwanda cha Bulaq cha Cairo, macho ya wanafunzi wako yatazizoea. Akishaandika, ageuze maandishi yawe michoro kabla ya kuhamishia kwenye flashi. Hapo hata kama kompyuta ya leza haina fonti hiyo, umbo halitabadilika.

Aya asiichape kwa vidole vyake. Dua hiyo, yaani "Mola wangu, nizidishie elimu", ni ya Kurani, sura ya 20, aya ya 114. Ainakili kutoka kwenye matini ya Tanzil, mradi ulioanzishwa mwaka 2007 ili matini ya Kurani ya kwenye kompyuta ihakikiwe. Na bado wewe ndiye wa kukagua. Wewe unajua kwamba herufi ra na ba katika "Rabbi" hazishikani, na kwamba zay na dal hazishiki herufi inayofuata. Fundi asiyesoma Kiarabu anaweza kudhani hayo ndiyo makosa akaenda kuyaunganisha. Kaa naye kwenye kiti.

Kuhusu nukta, ulifanya vyema kuikataa ile mbao. Zay bila nukta ni ra, na ba bila nukta haijulikani ni nani. Mbao ikikatwa mpaka upande wa pili, kitu chochote kisichoshikwa na mwenziwe kinaanguka, na nukta hazishikwi na kitu. Dawa ni mbili. Ama achonge juu juu tu, milimita moja au mbili, mbao ibaki nzima. Ama akate herufi na nukta zake kama vipande, kisha azibandike juu ya ubao wa rangi nyingine akifuata karatasi ya kielelezo chini yake. Mimi ningechagua kuchonga. Mninga una sehemu mbili, kiini cha kahawia na ukingo mweupe. Leza inaacha alama nyeusi iliyoungua, na juu ya kiini hicho cha kahawia haionekani vizuri. Tafuta kipande chenye rangi nyepesi, ujaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, lakini jaribio liwe la mistari mitupu, si maneno ya aya. Na ile mbao ya kwanza yenye makosa isiachwe karakana ikawa kuni za chai. Ihifadhiwe au iondolewe kwa adabu unayoijua wewe kuliko mimi.

Mkitaka mapambo pembeni, tunao urithi wetu wa pwani. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya, karne ya 18 na 19, ilipambwa kwa nyekundu, nyeusi na njano. Rangi tatu tu.

*Mama, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Dodoma. Natumia akili bandia ya kuchora kutengeneza picha zenye aya za Biblia ili niwatumie marafiki kila asubuhi. Wengine wananiambia ni dhambi. Unasemaje?*

Dhambi waulize waliosomea, mwanangu. Mimi nakujibu kama fundi. Mashine hizo mara nyingi huchora umbo linalofanana na herufi bila kutahajia neno. Kwa Kiswahili ni mbaya zaidi, kwa sababu zimeona Kiswahili kidogo. Kwenye picha tatu ulizonitumia nimesoma "Mugnu", "upedno" na neno moja ambalo sikulitambua. Marafiki zako 40 walipokea hayo asubuhi wakaitika Amina. Hilo limeniuma.

Ichore mashine mandhari ukipenda, iachie nafasi tupu, kisha maneno uyaweke wewe mwenyewe kwa fonti, ukinakili kutoka kwenye Biblia iliyochapwa, neno kwa neno. Halafu soma kinyumenyume, kutoka neno la mwisho hadi la kwanza. Tulikuwa tunakagua hivyo enzi za risasi. Jicho likisoma kwa mbele linakisia, likirudi nyuma linalazimika kutazama. Na kama kila siku ni nyingi mno kukagua hivyo, tuma moja kwa wiki.

*Shikamoo dada. Niko Mpwapwa. Marehemu mama yangu alidarizi kitambaa cha ukutani nikiwa mtoto, chenye maua pembeni na "Bwana ndiye mchungaji wangu". Kinaanza kuchanika. Nataka kukiweka kwenye kompyuta ili kila mjukuu apate nakala, na pia nataka kudarizi kipya. Ila kuna jambo: mama hakusoma sana, aliandika "mchugaji", bila n. Fundi wa picha anasema atairekebisha kwa dakika mbili. Nimrekebishie mama yangu?*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako niliisoma, nikaifunga, nikaenda kufunika maji, ndipo nikarudi kuisoma tena.

Kwenye picha ya kitambaa cha mama, usirekebishe kitu. Ile si nakala ya Zaburi, ni kazi ya mkono wake. Alihesabu nyuzi usiku kwa kibatari, akafika kwenye ng, sauti ambayo hata watoto wa shule wanaikosea, akaiandika alivyoisikia. Wajukuu wanaijua Zaburi, watalisoma neno sawa. Fundi akiweka ile n, atalazimika kusogeza herufi zote zinazofuata, na maua ya upande wa kulia yataliwa. Dakika mbili zake zitafuta jioni nyingi za mama.

Kitambaa kipya ni chako. Hicho kiandike sawasawa, na n yake.

Kupiga picha: usikifue wala kukipiga pasi ya moto. Kitandaze juu ya shuka jeupe, mahali penye kivuli nje ya nyumba, saa tatu au nne asubuhi, kabla upepo haujaanza. Jua la moja kwa moja linaua rangi. Simama juu yake kabisa, simu iwe sambamba na kitambaa, piga kizima mara tatu, kisha sehemu kwa sehemu kwa karibu. Weka rula pembeni kwenye picha moja ili siku za mbele ijulikane kitambaa kilikuwa na ukubwa gani. Kisha kigeuze, upige na upande wa nyuma. Watu wanausahau. Nyuma ndiko kunaonekana alianzia wapi, uzi uliishia wapi, alifunga fundo la namna gani, na kama alibadilisha rangi katikati kwa sababu ile ya kwanza iliisha dukani.

Kudarizi kipya hutahitaji programu yoyote. Kazi ya mshono wa msalaba ndiyo hesabu ileile ya kompyuta: kila tundu ni pikseli moja. Nunua daftari la miraba la hesabu. Kila herufi ipe miraba mitano kwa upana na mmoja wa kupumulia. Sentensi yako ina herufi na nafasi 27. Mara 6 ni 162. W zipo mbili na m moja, hizo ni pana, ziongezee miraba miwili kila moja, inakuwa 168. Kitambaa cha matundu 14 kwa inchi kitakupa inchi 12 kamili, sentimita 30 na nusu kwa mstari mmoja. Ukiona ni mrefu, vunja baada ya "ndiye" au uache "Bwana" peke yake juu. Maua ya mama yanakili kutoka kwenye picha ya karibu, ukihesabu tundu kwa tundu. Usiyachore kwa kukisia.

Picha zote ziweke kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Kwenye jina la faili andika jina la mama, kijiji, na mwaka kama unaukumbuka. Ukipata nafasi ya kupanda basi kuja Dodoma, kilete kitambaa chenyewe kimeviringishwa kwenye bomba la kadibodi, kisikunjwe. Skana yangu inapokea A3, nitakifanya kwa vipande na kuviunganisha, bila malipo. Njoo asubuhi, tuwe na mwanga wa kutosha kukagua ile g.